Nani Atasafisha Meza ya Wino

Jumamosi jioni, saa 12 inapokaribia, karakana yetu ya kuchapa picha kwa mkono huwa na chapa 15 au 20 zilizobanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na chini ya kamba hizo kuna meza yenye kioo kinene ambacho wino mweusi umekuwa ukitandazwa juu yake kwa rola tangu asubuhi. Wino wa mafuta hauna haraka ya kukauka, lakini ukiachwa hadi Jumatatu hufanya ngozi ngumu ambayo haitoki ila kwa wembe, na rola iliyolazwa mezani badala ya kutundikwa hupata bapa upande mmoja, na bapa hilo huacha mstari kwenye kila chapa mpaka siku rola yenyewe itakapotupwa. Kwa hiyo lazima mtu abaki. Hukwangua wino uliosalia, humwaga mafuta ya kula kidogo juu ya kioo, husugua kwa tambara, hupitisha maji ya sabuni ya unga, kisha huikagua rola kwenye mwanga wa dirisha akiizungusha taratibu kwa viganja viwili. Kazi hiyo huchukua dakika 40, haina sifa, wala hakuna mtu aliyewahi kuja kwenye maonyesho yetu akauliza ni nani aliyeifanya.

Nimefika mahali pa kuamini kwamba uhai wa karakana ya uchapaji unategemea dakika hizo kuliko unavyotegemea vipaji vya watu wanaoitumia, na kwamba sisi wasanii tunaoanzisha sehemu kama hizi tunakosea tunapoliacha jambo hilo lijipange lenyewe.

Tulianza mwaka 2017 tukiwa watu 6, katika fremu mbili za kukodi huko Keko, Dar es Salaam. Tulichagua Keko kwa sababu mafundi samani wamejaa pale, na mabaki ya plaiwudi ambayo wao huyauza kama kuni yanatufaa sisi kwa kuchonga. Mwaka wa kwanza hatukuwa na mashine. Tulichonga plaiwudi na lino, tukapaka wino, tukalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa mwiko wa mbao, tukifunua pembe moja kila mara kuona kama wino umeshika. Njia hiyo si duni hata kidogo. Katika kituo cha sanaa na ufundi cha Kanisa la Kilutheri kilichoanzishwa Rorke's Drift, Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1960 na wanandoa wa Kiswidi, Peder na Ulla Gowenius, ni lino, kitu cha bei nafuu cha kutandika sakafu, iliyowapa akina Azaria Mbatha na John Muafangejo nafasi ya kutoa picha ambazo leo ziko kwenye makumbusho. Hata hivyo, mkono una kikomo chake. Ukisugua nakala ya 12 ya picha yenye ukubwa wa mlango wa kabati, bega hukuambia kwamba umefika mwisho wa toleo, yaani jumla ya nakala za picha moja, hata kama ulipanga nakala 20.

Ndipo nikaenda mtaa wa Gerezani, kwa mzee mmoja mkereza vyuma, nikiwa na mchoro niliouchora kwa kutazama picha za mashine za wenzetu wa nchi nyingine. Aliutazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu, hii ni ya kukamulia miwa?”

“Hapana, Mzee, ni ya kuchapia picha. Lakini inakwenda vilevile.”

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko yeye alivyojua, kwa sababu mashine ya kuchapia ya aina hii ni rola mbili za chuma zinazozungushwa kwa mkono, na kati yake hupita kitanda cha bamba la chuma kilichobeba ubao uliopakwa wino, karatasi, na blanketi la sufu juu yake. Tofauti iko kwenye usawa wa rola. Mzee aliniambia kwamba muwa haulalamiki rola ikipinda kidogo, kisha akaikereza ile ya juu mara tatu, kila mara akipitisha kipande cha karatasi kati ya rola na kitanda, kulia, kushoto na katikati, mpaka karatasi ikakamatwa kwa nguvu ileile kote. Blanketi lilikuwa la mtumba, zito, la sufu halisi, na tulilikata vipande viwili. Mashine ilipofika Keko kwa kirikuu, iliwachukua wanaume 6 kuishusha, na tangu siku hiyo haijahamishwa hata sentimita moja.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu uzito wa mashine ndio chanzo cha ushirika wetu. Mchoraji wa rangi anaweza kuwa na kila kitu chake chumbani kwake, lakini mchapaji anahitaji kitu ambacho ni kizito mno kukibeba peke yake, ghali mno kukinunua peke yake, na ambacho, akiwa nacho peke yake, kitakaa siku 5 kati ya 7 bila kazi. Uchapaji huwakutanisha watu hata kama hawakupanga kukutana. Na kitu kinachomilikiwa na wengi huchafuliwa na wengi, kisha humngoja mtu mmoja akisafishe.

Mtu ambaye maisha yake yamenifundisha zaidi juu ya suala hili ni Robert Blackburn, na kila kijana anayejiunga nasi nampa habari zake kabla sijampa kisu cha kuchongea. Alizaliwa mwaka 1920 huko Summit, New Jersey, nchini Marekani, kwa wazazi waliotoka Jamaika, akakulia Harlem, na akiwa bado kijana alijifunza lithografia katika kituo cha sanaa cha jamii kilichoendeshwa kwa fedha za mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Lithografia huchapwa kwenye jiwe. Msanii huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya bamba nene la jiwe la chokaa, jiwe hulowanishwa, na kwa kuwa mafuta na maji havipatani, wino hushika pale palipochorwa na kukataa pale palipo na maji. Baada ya toleo kukamilika, picha lazima ifutwe kwa kusaga jiwe zima kwa mchanga na maji, likisuguliwa kwa jiwe jingine, kwa saa nyingi, mpaka uso wake uwe safi na sawa kwa ajili ya mtu anayefuata. Hebu fikiria maana ya kazi hiyo mahali penye wasanii wengi na mawe machache: kila picha mpya inakaa juu ya uso ulioandaliwa na mkono wa mtu mwingine, na mara nyingi mkono huo ni wa yule mwenye karakana.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Blackburn alifungua karakana yake katika mtaa wa Chelsea, jijini New York, na akaacha mlango wazi kwa weusi na weupe, kwa wenye jina na kwa wanaoanza, katika miaka ambayo sheria za majimbo mengi ya nchi hiyo ziliwatenganisha watu hao hata kwenye mabasi. Msanii Romare Bearden alifanya kazi pale, na Mohammed Omer Khalil kutoka Sudan, ambaye ni miongoni mwa wachapaji bora waliotoka katika bara letu, naye alifanya kazi pale. Ili kuiweka hai, Blackburn alichapa kazi za watu wengine kwa ujira. Kati ya mwaka 1957 na 1963 alikuwa mchapaji mkuu wa kwanza wa Universal Limited Art Editions, karakana ya kutoa lithografia za wasanii, na lithografia za mwanzo za wasanii mashuhuri wa Marekani, Jasper Johns na Robert Rauschenberg, zilipita mikononi mwake. Mwaka 1971 karakana iliandikishwa rasmi kama asasi isiyo ya faida, mwaka 1978 alisaidia kuweka karakana ya uchapaji huko Asilah, Moroko, na mwaka 1992 alipewa tuzo kubwa ya wakfu wa MacArthur.

Ukiitazama lithografia yake ya mwaka 1950 iitwayo Girl in Red, na zile za rangi zilizofuata, utaona msanii ambaye angeweza kujaza kumbi kwa kazi zake mwenyewe. Hakuzijaza, au alizijaza kidogo kuliko alivyoweza, kwa sababu siku zake zilikwenda kwenye mawe ya wengine. Wapo wanaolisimulia hili kama jambo la kupendeza tu, kisa cha mtu mkarimu. Mimi naliona kuwa ni hasara halisi, ambayo huenda ilistahili kulipwa, lakini ilipaswa kugawanywa. Karakana hiyo ilifungwa mwaka 2001, yeye alipokuwa mzee na hali ya fedha ilipokuwa mbaya, naye akafariki mwaka 2003. Ilifunguliwa tena mwaka 2005 chini ya asasi ya sanaa iitwayo Elizabeth Foundation for the Arts, ikiwa na jina la Blackburn, na inafanya kazi hadi leo. Miaka ile minne ya katikati ndiyo inayonikosesha usingizi. Nusu karne ya kazi ilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja, na mabega yalipochoka, milango ilifungwa.

Mwaka 2019 nilikuwa naelekea huko huko kwa kiwango changu kidogo. Nilikuwa natunza ufunguo, naagiza wino, nadai michango, nanunua umeme wa LUKU, nasafisha meza, na ubao wangu mwenyewe, picha ya kinamama wanaokaanga samaki kwenye soko la Feri, ulikuwa umesimama nyuma ya mlango ukiwa umechongwa theluthi moja. Nilijiambia kwamba ninajitolea. Ukweli ni kwamba wenzangu hawakuwahi kukataa kazi hizo, hawakuwahi kuombwa. Nilikuwa nimezikusanya mikononi mwangu, kisha nikaanza kuwaonea uchungu wale ambao mikono yao ilikuwa huru kuchonga.

Masika ya mwaka huo ndiyo yaliyotuamsha. Karatasi nzuri ya kuchapia, ile nzito ya pamba inayotoka nje ya nchi, ndiyo gharama yetu kubwa kuliko zote, na tulikuwa tumenunua furushi zima kwa fedha tulizochanga kwa miezi 4. Liliwekwa sakafuni kwenye chumba cha nyuma. Bati la chumba hicho lilikuwa linavuja, na mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameshachukua kodi ya miezi 6, alikuwa ametuahidi matengenezo mara tatu. Nilisafiri wiki moja kwa msiba Mtwara. Niliporudi, nilifungua furushi nikakuta madoa ya kahawia ya ukungu yameingia mpaka karatasi ya katikati, na harufu yake ilikuwa ya kabati la nguo lililofungwa miaka mingi. Wenzangu 5 walikuwa wamefika kufanya kazi wiki ile nzima, na wote waliona maji sakafuni. Hakuna aliyeinua furushi lile, kwa sababu kila mmoja alijua karatasi ni jukumu langu.

Tulikaa kikao siku ileile, tukiwa tumekaa juu ya ndoo na viti vya plastiki, na nilisoma mbele yao habari za Taller de Gráfica Popular. Karakana hiyo ya Mexico City ilianzishwa mwaka 1937 na Leopoldo Méndez, Pablo O'Higgins na Luis Arenal, ikatoa mabango ya vyama vya wafanyakazi na ya kupinga ufashisti, na mwaka 1947 ikatoa mkusanyo wa chapa 85 za lino juu ya mapinduzi ya Meksiko. Kilichonivutia kwao ni desturi ya kufanya kazi kwa pamoja, kiasi kwamba picha ya mtu ililetwa mbele ya wenzake, ikajadiliwa na kukosolewa kabla haijatoka mlangoni. Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi aliyekwenda Meksiko mwaka 1946 akabaki huko, alichonga ndani ya utaratibu huo baadhi ya kazi zake bora, ikiwa ni pamoja na ile sura ya mkulima mwanamke mwenye kofia pana ambayo wengi wetu tumeiona bila kujua jina la aliyeichonga. Ushirika haukumnyima sauti yake. Nilitaka wenzangu wasikie hilo, kwa sababu hofu iliyokuwa chumbani mle, ingawa hakuna aliyeitamka, ni kwamba ukianza kuandika zamu na kanuni, sanaa itageuka kuwa ofisi.

Kanuni tulizoandika siku ile ni chache. Kila mwezi ufunguo unahamia kwa mtu mwingine, na mwenye ufunguo ndiye mwenye karatasi, wino na umeme. Meza ya Jumamosi ina zamu iliyobandikwa ukutani. Kila anayechapa toleo anaacha nakala moja kwenye sanduku la karakana, na nakala hizo tukiziuza siku moja, fedha ni ya kodi. Daftari la mapato na matumizi liko mezani, liko wazi, na yeyote anaweza kulisoma, maana mali bila daftari huisha bila habari, na nimeshuhudia vikundi viwili vya marafiki wazuri vikivunjika kwa sababu ya fedha ambayo pengine hata haikuibwa, ila hakuna aliyeweza kuonyesha ilikokwenda. Tulikubaliana pia kutotumia asidi ya kuchonga mabamba ya chuma mpaka tutakapopata chumba chenye feni ya kutoa hewa, ingawa uamuzi huo uliniuma mimi kuliko wengine.

Uliniuma kwa sababu chapa ya kwanza niliyoipenda maishani ilikuwa ya bamba la chuma. Nilikuwa na miaka 11 hivi, baba alinipitisha Nyumba ya Sanaa, pale katikati ya Dar es Salaam, nikasimama mbele ya mashetani ya George Lilanga yenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo, yakiwa yamechapwa kwa mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll pamoja na wasanii vijana, na Lilanga mwenyewe alianzia pale kama mlinzi kabla hajawa msanii ambaye dunia ilimjua. Robino Ntila naye alichapa na kufundisha pale. Mahali hapo hapapo tena kama palivyokuwa, na ninapowasikia vijana wakisema kwamba uchapaji ni sanaa ya kigeni, huwa naumia, kwa sababu kizazi kizima kabla yao kilikuwa na wino huu chini ya kucha zake, katika mji huu huu.

Zipo pia habari za Artist Proof Studio ya Johannesburg, ambazo sikuwasomea wenzangu siku ya kikao, bali miezi kadhaa baadaye. Ilianzishwa mwaka 1991, katika eneo la Newtown, na Kim Berman na Nhlanhla Xaba, mwanamke mweupe na mwanamume mweusi, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuvunjwa. Jina lake limetokana na chapa ya msanii, ile nakala ambayo msanii hubaki nayo mwenyewe nje ya idadi ya toleo. Mwezi Machi mwaka 2003 moto uliteketeza karakana pamoja na mashine zake na kazi zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 10, na Xaba aliyekuwa ndani alifariki. Waliobaki walijenga upya, palepale Newtown, katika jengo la zamani la mabasi, na karakana iliendelea kufundisha vijana. Waliweza kwa sababu kufikia wakati huo maarifa ya kuendesha mahali pale yalikuwa yamekaa katika watu wengi, si katika waanzilishi wawili tu. Berman alikuwa pia ameshaanza, mwaka 2000, mradi wa Phumani Paper wa kutengeneza karatasi kwa mikono kutokana na nyuzi za mimea, ili kuwapa watu kazi, na ni kwa kumfuata yeye kwamba sisi nasi tumejaribu mkonge wa Tanga, tukiuchemsha na kuutwanga kwenye kinu. Karatasi yake bado ni nene na ina vinundu, lakini inapokea wino vizuri, na haituhitaji kusubiri meli.

Usiku niliomaliza kusoma habari za moto ule nilitoka kitandani nikaenda kufikiria ndoo yetu ya matambara. Tambara lililolowa mafuta ya kitani, ambayo ndiyo msingi wa wino wetu, likikunjwa na kurundikwa na mengine, huweza kupata joto lenyewe na kuwaka bila mtu kuligusa. Sisi tulikuwa tunayarundika chini ya meza, kando ya karatasi. Asubuhi yake nilinunua ndoo ya bati yenye kifuniko, na tangu hapo anayesafisha meza hutandaza matambara nje kwenye kamba mpaka yakauke, au huyazamisha kwenye maji na kufunika. Hilo liliongeza dakika 10 kwenye zile 40.

Sasa tuko watu 11. Wawili kati ya wale 6 wa mwanzo wameondoka, mmoja kwa kazi Mwanza, mwingine kwa sababu hakupenda zamu, na tuliagana vizuri. Alhamisi imekuwa siku yangu, mashine ni yangu tangu asubuhi hadi adhuhuri, na nimeumaliza ule ubao wa Feri. Chapa ya majaribio ya kwanza ilitoka ikiwa na moshi mwingi kuliko kinamama, na binti mmoja wa miaka 20, aliyejiunga mwaka jana, aliitazama akiwa amekunja mikono, akasema, “Dada, hapa kwenye kikaango umechonga kidogo mno, wino umemeza mkono wake.” Alikuwa sahihi. Nilirudi kwenye ubao kwa wiki mbili nyingine, nikautoa ule mkono gizani, kidole kwa kidole.

Toleo litakuwa la nakala 18, na moja itaingia kwenye sanduku. Nitalichapa Jumamosi ijayo, na kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ukutani, zamu ya meza siku hiyo ni ya yule binti.